Kwa nini jirani yangu hamchagui ninayemchagua mimi?

Kila baada ya uchaguzi wa rais, katika mitaa ya Goma, vijijini na katika makambi tuliyokaa, maneno mawili yamesikika. La kwanza ni hili: "Wale wamefuata kabila lao." La pili: "Wale wamenunuliwa kwa chumvi na sabuni." Anayesema hivyo huwasema wengine, hajisemi mwenyewe. Kura yake huona ilitoka kichwani. Kura ya jirani huona ilitoka katika damu au katika tumbo.

Maneno hayo si madogo kwetu. Familia iliyokimbia vita hulala katika nyumba ya watu, huchota maji kwenye bomba moja na wenyeji, huomba kibarua katika shamba la mtu mwingine. Siku ikisemwa kwamba "hao ni watu wa mgombea fulani", kibarua kinakatika na mlango unafungwa. Familia hiyo itakimbia mara ya pili, na safari hii haikufukuzwa na bunduki.

Kwa hiyo ni vizuri tujiulize kwa utulivu: ni nini hasa kinachomfanya mtu amchague huyu na kumwacha yule? Shirika letu halimuungi mkono mgombea wala chama chochote, na makala hii haisemi nani alistahili kushinda. Inataka kuonyesha jambo moja: jirani yako ana sababu zake, na mara nyingi sababu hizo zinafanana na zako kuliko unavyodhani.

Watu walewale, kura tofauti

Tangu Katiba mpya ilipotangazwa Februari 2006, Kongo imemchagua rais mara nne. Tukitazama matokeo kama yalivyotangazwa, tunaona mambo ya kushangaza.

Mwaka 2006 wagombea walikuwa 33. Duru ya kwanza ilifanyika tarehe 30 Julai, na duru ya pili tarehe 29 Oktoba kati ya Joseph Kabila na Jean-Pierre Bemba. Kabila alishinda kwa asilimia 58 na Bemba akapata 42. Lakini nchi iligawanyika vipande viwili. Katika Kivu zote mbili na Maniema, Kabila alipata zaidi ya kura 9 katika kila kura 10. Katika Equateur ikawa kinyume: zaidi ya 9 katika 10 zilimwendea Bemba.

Mwaka 2011, tarehe 28 Novemba, Kabila alitangazwa mshindi kwa asilimia 49 hivi, mbele ya Etienne Tshisekedi aliyepata 32 na Vital Kamerhe aliyepata karibu 8. Huku kwetu Kivu, Kabila hakuona tena zile kura za 2006. Wengi walikuwa wamemwacha.

Mwaka 2018, tarehe 30 Desemba, Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 38 na nusu, Martin Fayulu akapata karibu 35, na Emmanuel Ramazani Shadary, mgombea aliyeteuliwa na Kabila, akapata karibu 24. Katika Kivu ya Kaskazini aliyeongoza alikuwa Fayulu.

Mwaka 2023, tarehe 20 Desemba, Tshisekedi alirudi madarakani kwa asilimia 73, na Moïse Katumbi akamfuata kwa 18.

Katika miaka hiyo 17 makabila ya Kivu ya Kaskazini hayakubadilika. Lugha zetu ni zilezile na umaskini wetu ni uleule. Kama ni damu peke yake inayopiga kura, au tumbo peke yake, basi kura zingebaki mahali pamoja. Hazikubaki. Maana yake kuna jambo lingine watu wanalolipima.

Sababu ya kwanza: nani atatulinda?

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtu aliyewahi kukimbia usiku na watoto mgongoni hamsikilizi mgombea kama mtu ambaye hajawahi kukimbia. Anauliza kwanza: huyu akishika nchi, nitalala?

Tukirudi mwaka 2006, watu wa mashariki walikuwa wametoka katika vita vilivyoanza Agosti 1998. Goma yenyewe ilikuwa chini ya utawala wa RCD mpaka serikali ya mpito ilipoanza mwaka 2003. Mkataba wa kuunganisha nchi ulikuwa umetiwa saini Pretoria mnamo Desemba 2002, na wengi huku waliona Kabila ndiye aliyekubali kukaa na maadui zake ili vita vikome. Kumchagua ilikuwa kuichagua amani hiyo.

Kwa Bemba walikuwa na kumbukumbu nyingine. Mwishoni mwa 2002 na mwanzoni mwa 2003 wapiganaji wa MLC, chama chake, pamoja na wa RCD-National, walishambulia eneo la Mambasa huko Ituri. Maelfu ya watu walikimbilia upande wa Beni, wakipokelewa na familia za huko. Mtu aliyempokea mkimbizi wa Mambasa nyumbani kwake na kusikiliza aliyoyaona hakuhitaji mkutano wa kampeni ili aamue.

Lakini vuka msitu mpaka Equateur. Huko, wakati wa vita, MLC ndiyo iliyotawala, na Bemba ni mtoto wa nyumbani. Waliojulikana kama wavamizi huku, kule waliitwa walinzi. Nchi ni moja, siku ni moja, karatasi ya kura ni moja, lakini kumbukumbu ni mbili. Mtu wa Equateur na mtu wa Beni waliuliza swali lilelile na kupata majibu yanayopingana.

Hata hapa Goma majibu hayakuwa sawa. Azarias Ruberwa, aliyeiongoza RCD, alipata chini ya asilimia 2 katika nchi nzima mwaka 2006. Kwa watu walioteswa chini ya utawala wa RCD, kumpa kura lilikuwa jambo lisiloeleweka. Lakini walikuwapo watu ambao uraia wao ulikuwa umebishaniwa kwa miaka mingi, na sheria ya uraia ya Novemba 2004 ilikuwa bado changa. Mtu wa namna hiyo naye aliuliza: nani atanilinda nisifukuzwe? Huenda jibu lake likakuuma. Swali lake unalijua, kwa sababu ni lako pia.

Halafu tazama kilichotokea baada ya 2006. Watu walimpa Kabila kura ili apate kuleta amani, na amani haikuja. Mwaka 2007 na 2008 vita vya CNDP vilijaza makambi ya Mugunga, Bulengo na Kibati. Mkutano wa amani wa Goma wa Januari 2008 ulimalizika kwa saini nyingi, lakini kabla mwaka huo haujaisha vita vilikuwa vimefika milangoni mwa mji. Januari 2009 majeshi ya Rwanda yaliingia Kivu kwa makubaliano na Kinshasa. Vital Kamerhe, aliyekuwa Spika wa Bunge na mwenyeji wa Kivu ya Kusini, alilalamika hadharani, na Machi mwaka huohuo akaacha kiti chake. Mwaka 2011 alipogombea, wengi huku walimkumbuka kwa hilo. Kabila aliyependwa 2006 aliachwa kwa kipimo kilekile kilichompa ushindi: usalama.

Na kabila je?

Hatutadanganya tukisema kabila halina nguvu. Lina nguvu. Mgombea wa nyumbani huzungumza lugha yangu, anajua jina la kilima chetu, na ninaamini hataweza kunisahau kwa urahisi. Mahali ambapo serikali haionekani, hakuna barabara, hakuna hakimu, hakuna polisi wa kuaminika, mtu hushika kile alicho nacho, yaani ndugu zake.

Lakini mwaka 2018 ulitufundisha kitu. Shadary ni mtu wa Maniema, jirani zetu. Kiswahili ni lugha yake kama ilivyo yetu. Fayulu ana asili ya Bandundu, upande wa magharibi, mbali na milima hii. Kama ni lugha na jirani, Kivu ya Kaskazini ingemfuata Shadary. Haikumfuata. Watu waliona Shadary ni mwendelezo wa utawala ambao chini yake Beni ilikuwa ikichinjwa tangu Oktoba 2014, na Goma yenyewe ilitekwa Novemba 2012. Fayulu naye aliungwa mkono na viongozi wanaojulikana huku, akiwamo Mbusa Nyamwisi wa Beni. Kiongozi wa nyumbani alimshika mkono mtu wa mbali, na watu wakampokea.

Tutazame pia majirani zetu wa Kenya. Mwaka 2002 Raila Odinga, Mjaluo, alimuunga mkono Mwai Kibaki, Mkikuyu, na watu wa Nyanza wakampa Kibaki kura kwa wingi. Miaka mitano baadaye, Desemba 2007, Odinga na Kibaki walishindana, na watu walewale wakawa upande wa pili. Damu haikubadilika kati ya 2002 na 2007. Kilichobadilika ni imani, kwa sababu makubaliano ya viongozi yalivunjika. Matokeo yalipobishaniwa, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao, mpaka Kofi Annan aliposaidia kupatikana kwa mkataba wa Februari 2008.

Watafiti Michael Bratton na Mwangi Kimenyi, waliouchunguza uchaguzi ule wa 2007, waliona jambo linalotuhusu sana. Wakenya wengi walipoulizwa hawakupenda kujitambulisha kwanza kwa kabila. Lakini waliamini kwamba Wakenya wengine wanaongozwa na kabila. Kwa hiyo kila mmoja alijikinga: "Kama wale watapiga kura pamoja, sisi tukigawanyika tutamezwa." Basi kura inayoonekana kuwa ya chuki mara nyingi ni kura ya woga. Na woga huo unalishwa na yale maneno mawili tuliyoanza nayo.

Chumvi, sabuni na kitenge

Wakati wa kampeni magari hufika na fulana, vitenge, chumvi, sabuni na bia. Sheria inakataza kununua kura. Hata hivyo watu hupokea, na wengine huwacheka: "Mmeuza nchi kwa mche wa sabuni."

Tufikiri kidogo. Tuseme mama mmoja ana watoto watano, anaishi kwenye hema, na sabuni imekwisha tangu wiki iliyopita. Mgombea analeta sabuni. Mama anaipokea, kwa sababu mgawo wa pili haujulikani utakuja lini. Je, ameuza kura yake? Hapana, kama akiingia katika chumba cha kura na kumchagua anayemtaka. Kura ni siri. Wengi hupokea kwa huyu, wakapokea kwa yule, halafu wakamchagua wa tatu.

Tena zawadi ina maana nyingine kwa mwananchi. Inamwambia: huyu anaijua njia ya kufika kwetu. Katika kijiji ambacho hakijaona afisa wa serikali kwa miaka, mgombea aliyefika na chumvi amemzidi yule asiyefika kabisa. Watu hawapimi chumvi tu. Wanapima kama mtu huyo atakumbuka kurudi.

Hatari inaanza pale siri inapovunjwa: mtu anapodaiwa kupiga picha ya kura yake kwa simu, au kuapa mbele ya wengine, au kukabidhi kadi yake ya mpiga kura "ihifadhiwe". Hapo si zawadi tena, ni kamba shingoni. Kataeni kutoa kadi. Kadi ni yako peke yako.

Neno la kiongozi

Mwami, padri, mchungaji, imamu, mwalimu, rais wa kambi: neno lao lina uzito. Si ujinga kumsikiliza kiongozi. Mkulima hana muda wa kufuatilia mambo ya Kinshasa, kwa hiyo anamuuliza anayemwamini, kama vile tunavyomuuliza fundi kuhusu nyumba na muuguzi kuhusu dawa.

Lakini katika maisha ya ukimbizi kuna jambo la pekee. Kiongozi wa kambi au wa kamati ya mtaa mara nyingi ndiye anayeshika orodha. Bila jina kwenye orodha hakuna unga, hakuna mafuta, hakuna turubai. Kiongozi huyo akisema "sisi wote tunamchagua fulani", hata akisema kwa upole, mama aliye mbele yake hasikii ushauri. Anasikia orodha. Huenda kiongozi hakukusudia kumtisha, lakini mwenye njaa haulizi umekusudia nini.

Tunao mfano wetu wenyewe wa kile ambacho siasa inaweza kuvunja. Mwaka 1998 iliundwa hapa jimboni Barza Intercommunautaire, mahali ambapo wazee wa makabila tisa walikaa pamoja kutatua ugomvi wa mashamba na wa jamii kabla haujawa wa panga. Kwa miaka kadhaa ilisaidia. Ulipokaribia uchaguzi wa 2006, siasa iliingia ndani yake, wazee wakavutwa kila mmoja upande wake, na Barza ikasambaratika. Ugomvi wa mashamba haukuisha. Kilichokwisha ni mahali pa kuuzungumzia.

Kura isiyopotea

Wengine huuliza: kwa nini mtu mzuri anayeheshimiwa hapati kura? Mwaka 2023 Daktari Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, aligombea urais. Alipata chini ya asilimia 1. Je, watu wa mashariki hawamheshimu? Wanamheshimu sana. Lakini Januari 2011 Katiba ilibadilishwa, na uchaguzi wa rais ukawa wa duru moja tu. Anayeongoza anashinda, hata akiwa hakufika nusu. Ndiyo maana mwaka 2018 mshindi alitangazwa akiwa na asilimia 38 na nusu.

Katika duru mbili, mtu anaweza kumpa kura anayempenda mara ya kwanza, kisha mara ya pili akachagua kati ya wawili waliobaki. Katika duru moja nafasi hiyo haipo. Mpiga kura hujiambia: nikimpa ninayempenda na hana nguvu, nitamsaidia nisiyemtaka. Basi humpa kura yule anayeona anaweza kushinda, au anayeweza kumzuia mwingine. Kwa hiyo usimwambie jirani, "Ulimpigia fulani, basi unampenda." Pengine alimwogopa mwingine zaidi.

Wasiopiga kura

Kuna kundi jingine linaloongezeka. Katika duru ya kwanza ya 2006, waliopiga kura walikuwa asilimia 70 ya walioandikishwa. Mwaka 2011 walikuwa karibu 59. Mwaka 2018 karibu 48. Mwaka 2023 takriban 43. Kila mara wanapungua.

Wengine wamechoka. Mwaka 2018 maaskofu wa CENCO, waliokuwa na waangalizi karibu 40,000, walisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na takwimu zao. Mtu akisikia hivyo hujiuliza kwa nini asimame foleni kutwa nzima.

Wengine hawakuchoka, walikosa nafasi. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya kura, Tume ya Uchaguzi CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo zingesubiri mpaka Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo. Wapiga kura zaidi ya milioni moja waliachwa, na rais aliapishwa Januari bila kura zao. Tarehe 30 Desemba watu wa Beni walipanga foleni wenyewe, wakapiga kura zao za mfano kwenye vituo walivyojitengenezea, wakijua hazitahesabiwa. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Masisi na Rutshuru: kwa sababu ya vita vya M23 uchaguzi haukufanyika katika wilaya hizo mbili. Waliohitaji zaidi kusema nani awarudishe nyumbani ndio hawakuulizwa.

Hapa ieleweke pia kwa nini watu wetu husimama foleni siku nyingi kupata kadi hata kama hawaamini uchaguzi. Hesabu ya mwisho ya watu nchini ilifanywa mwaka 1984, na kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyokuwa kitambulisho cha Mkongomani: kwenye kizuizi cha barabarani, kwenye kutuma pesa, kwenye mgawo wa chakula. Mtu aliyepoteza kadi katika kukimbia hupoteza kura, na tena hupoteza njia ya kuonyesha kwamba yeye ni nani.

Tufanye nini?

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma, na Februari yake makambi makubwa ya Bulengo, Lushagala, Kanyaruchinya na mengine yakabaki matupu. Wengi walirudi vijijini, wengine waliingia katika familia za mapokezi. Kwa hiyo waliopiga kura tofauti sasa wako karibu zaidi kuliko zamani, mara nyingine chini ya paa moja. Muhula wa rais kwa Katiba ni miaka 5, na ule ulioanza Januari 2024 nao una mwisho wake. Uchaguzi mwingine ukifika, ni afadhali utukute tumekwisha kuzungumza.

Kwa familia:

Hifadhini kadi mahali mtakapoweza kuichukua haraka, pamoja na vyeti vya watoto. Andikeni pembeni namba yake na jina la kituo mlichoandikishwa. Andikisho jipya likitangazwa, ulizeni mapema kama mnaweza kuandikishwa mahali mlipo, kwa maana kwa kawaida mtu hupiga kura pale alipoandikishwa.

Msimuulize mgeni wala mwenye nyumba wenu amemchagua nani. Mkitaka kuzungumza siasa, ulizeni swali jingine: "Unaogopa nini? Ungependa rais afanye nini kwanza?" Swali la kwanza huleta ugomvi. La pili huleta mazungumzo, na mara nyingi mtakuta mnaogopa jambo lilelile.

Mgombea akija, msiulize tu amekuja na nini. Muulizeni barabara ya kurudi nyumbani italindwa na nani, shamba lililokaliwa na mwingine litarudishwa kwa njia gani bila damu, na watoto waliokosa masomo watasomea wapi. Asiyeweza kujibu asipewe makofi.

Kwa viongozi:

Tenganisheni orodha na siasa. Anayeshika orodha ya misaada asisimame kwenye mkutano wa kampeni, na anayefanya kampeni aikabidhi orodha kwa mwingine mpaka uchaguzi uishe. Semeni wazi mbele ya watu wote kwamba jina la mtu halitafutwa kwa sababu ya kura yake, na wanawake walio katika kamati wapewe ruhusa ya kuhakikisha.

Kiongozi wa dini au mwami akitaka kutoa ushauri, afundishe jinsi ya kuchagua, asitaje nani wa kuchagua. Na pale ambapo kuna kamati ya amani ya makabila, wajumbe wakubaliane mapema, kwa maandishi, kwamba kamati haitakuwa mali ya mgombea. Tukumbuke Barza.

Matokeo yakitangazwa, mshindi asicheze ngoma mbele ya mlango wa aliyeshindwa. Rais anayesherehekewa yuko Kinshasa. Jirani anayeumia yuko hapa, na kesho mtakutana kisimani.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Katika uchaguzi uliopita, ni jambo gani uliloliogopa zaidi? Je, unadhani jirani wa kabila jingine aliogopa nini?

2. Je, umewahi kubadili mgombea kutoka uchaguzi mmoja hadi mwingine? Ni nini kilichokubadilisha?

3. Hapa tunapoishi, ni nani anayeshika orodha ya misaada, na tunawezaje kumsaidia asiingizwe katika siasa?

4. Je, watu waliorudi vijijini na waliobaki mjini wanaweza kukutana wapi ili wazungumze kabla ya andikisho lijalo?

Ndugu wasomaji, someni makala hii pamoja na wale wasiojua kusoma, na mwalikeni angalau mtu mmoja ambaye mnajua hakumchagua mliyemchagua ninyi. Msianze na jina la mgombea. Anzeni na swali la kwanza.